Kura ya Kijiji na Kijana wa Miaka 16

Tarehe 27 Novemba 2024 wananchi wa Tanzania Bara waliwachagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Kijana wa Tarime aliyetimiza miaka 18 juma moja baadaye alibaki nje akitazama. Kura yake ya kwanza ya kijiji ataipiga mwaka 2029, naye yu karibu kutimiza 23. Twauliza: hii ni haki?

Miaka 18 yenyewe ilikuwa hatua kubwa, hatubishi. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959 mkoloni alidai miaka 21, na juu yake elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au kazi ya cheo. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Sirari, nchini Kenya, walibaki na 21 hadi 1974. Kila mara hoja ilikuwa moja, kwamba mtu hajapevuka. Ndiyo tuisikiayo leo juu ya kijana wa miaka 16.

Lakini sheria ya ajira ya 2004 yamruhusu kuajiriwa kazi nyepesi tangu 14, na akinunua sabuni analipa kodi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya mzazi, hata Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikatamka kwamba hilo lapingana na Katiba. Ajabu iliyoje! Aliweza kufanywa mke wa mtu, asiweze kumchagua mwenyekiti wa kitongoji. Na kwa Wakurya, mvulana akiisha kutoka jandoni huhesabiwa mtu mzima katika rika lake. (Mabinti wasiingizwe katika hesabu hiyo, ukeketaji wa wasichana ulikatazwa na sheria mwaka 1998, na ukome.)

Hatudai Rais achaguliwe na watoto wa shule. Twadai kura ya kijiji na kitongoji ishuke hadi miaka 16, na mkutano mkuu wa kijiji uwapokee vijana hao. Hapo hata atakayechelewa kabisa atapiga kura kabla ya kutimiza 21. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Robanda, tembo wakiingia shambani, kijana naye hukesha akiwafukuza. Nyamongo, shamba likitwaliwa kwa ajili ya dhahabu, urithi unaoondoka ni wake.

Watasema atafuata neno la baba yake. Mbona wake za watu hatukuwanyima kura kwa hoja hiyo? Kura ni ya siri. Brazil imewapa wa miaka 16 kura tangu 1988, Austria tangu 2007. Hofu tuionayo nzito ni wanasiasa kuingia madarasani na fulana zao. Sheria na ipige marufuku kampeni ndani ya lango la shule, pamoja na adhabu.

Wabunge wa Tarime na Serengeti yawapasa kuifikisha hoja hii Dodoma mapema, ili majina ya vijana hao yaandikwe katika orodha za vijiji vyao kabla ya 2029.