Makbeth hakulishwa limbwata

Kaa kijiweni Mabawa jioni yoyote, kahawa chungu na kashata mkononi, usubiri jina la staa liguswe. Kaka wa watu kaachana na menejimenti iliyomtoa? Demu kamharibu. Mama mzazi hapigiwi simu? Hapo ndo kabisa, kalishwa limbwata. Na demu mwenyewe akiwa katokea Tanga, kesi imefungwa, hata ushahidi hauitwi. Si mji una sifa yake, mwanaume akija hatoki?

Waliokaa shule kidogo wana silaha nyingine: mke wa Makbeth. Ni ile tamthiliya ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliileta kwa Kiswahili mwaka 1968. Jamaa alikuwa shujaa wa vita, wanasema, mwanamke akamjaza maneno, akaua mfalme. Basi.

Sijui waliisomea wapi hiyo, maana kwenye tamthiliya mambo hayako hivyo. Makbeth anatabiriwa ufalme na wachawi watatu, na palepale, kabla hajamtia mkewe machoni, wazo la kuua linampita kichwani mpaka nywele zinamsimama. Wachawi hawakutaja kisu. Kisha ni yeye anayemwandikia mkewe barua. Moto kauwasha mwenyewe, mama kaja na petroli.

Na petroli ilikuwa ya kiwango, hilo halina ubishi. Jamaa anaghairi. Anazijua sababu zote za kuacha: Duncan ni ndugu yake, ni mfalme wake, tena usiku huo ni mgeni wake. Mama halii wala habembelezi. Anamgusa panapouma, uanaume wake. Anamwambia angekuwa yeye kaapa hivyo, angemchomoa titi mtoto anayenyonya na kumpasua kichwa. Maneno mazito, lakini ona jamaa anavyojibu: anauliza itakuwaje wakifeli. Dhambi kashaisahau! Anachotaka sasa ni uhakika, na mama anampa mpango kamili: walinzi wawili wanyweshwe mpaka wazime, lawama wabebeshwe wao. Hapo ndipo mwanaume anapokubali, na sifa anammwagia mkewe.

Haya, mshitakini mama kwa kifo cha Banquo. Hakuambiwa. Mumewe alikodi wauaji kimyakimya na kumtaka asijue kitu. Mke na watoto wa Macduff wakauawa pia, na safari hiyo hakuna mke aliyemsukuma. Mwishoni yule mshawishi anatembea usingizini akisugua damu isiyokuwepo mikononi, na habari za kifo chake zikifika, mumewe hana hata chozi.

Lakini kijiweni bado ni demu tu. Anatukanwa yeye, anatukanwa mama yake, kwao Tanga wanaitwa wachawi, anafunga akaunti. Staa anapotea miezi miwili, anarudi na wimbo wa kuomba radhi, anaimba alivyopofushwa na mapenzi, shoo zinajaa. Washkaji wanampigia makofi: mwana karudi.

Karudi kutoka wapi? Mkataba alivunja kwa sahihi yake. Na ile meseji ya saa nane usiku ya kumtukana prodyuza ilitoka kwenye simu yake, kwa vidole vyake.