Bi Harusi, Ekzosi za Msafara Wako Zina Bitana?

Leo hatuzungumzii shela wala lesi. Tunazungumzia ekzosi ya pikipiki, na msidhani tumekosa la kuandika.

Dukani kwetu Mkunazini tuko wanawake watatu, charahani tatu, na pikipiki moja ya kupelekea nguo. Siku moja kijana anayeiendesha alitujia nayo inanguruma kama lori la mchanga. Akasema ametoboa ekzosi, yaani ameking'oa kile kipande cha ndani kinachozuia sauti, kwa sababu wenzake wote wametoboa. Sisi tukacheka tu. Tuseme kweli, tuliona inatutangazia biashara. Watu wakisikia ule mngurumo, wanajua nguo za harusi zinapita.

Ukaja mwezi wa Shaaban, pale kila mtu anapokimbilia kuoa kabla ya Ramadhani. Tulimshonea nguo bi harusi mmoja wa mtaani na tukamsaidia kupanga msafara. Pikipiki sita, yetu ikiwemo, zilimtangulia kichochoroni mpaka barabarani magari yalipongojea. Ilikuwa baada ya Isha. Zilipofika mlangoni kila dereva akapiga resi kuonyesha ya kwake, nasi tukapiga vigelegele na kurekodi kwa simu.

Asubuhi yake akaja mtoto wa jirani, katumwa na bibi yake. Bibi huyo alikuwa amefiwa na mumewe na yumo edani. Dirisha lake liko juu ya kile kichochoro. Ujumbe ulikuwa mfupi: anamtakia bi harusi kheri na baraka, na anaomba kujua kama kuna harusi nyingine wiki hii, ili ahamishe kitanda chumba cha nyuma mapema.

Hakugomba. Angegomba tungejitetea. Lakini mwenye eda ya kufiwa anakaa nyumbani kwake miezi 4 na siku 10. Hawezi kusema leo nakwenda kulala kwa dada yangu mpaka kelele zipite. Na nguo zake za eda tulimshonea sisi wenyewe, kwa charahani hizi hizi.

Basi tukafuatana na kijana mpaka kwa fundi wa kuchomea vyuma. Tulikwenda tukidhani ni kazi ya kununua kifaa na kukifunga, kumbe nayo ni kazi ya vipimo kama yetu. Fundi akatukatia ekzosi nyingine chakavu tuone ndani. Dada zetu, ekzosi ina bitana! Kwa nje ni bomba, lakini ndani mna vyumba vilivyotengwa kwa vibati vyenye matundu. Moshi wa injini hautoki mfululizo kama mvuke wa chungu. Unatoka kwa mapigo, kila mlipuko mdogo na kishindo chake. Kishindo kikiingia kwenye vile vyumba kinagonga, kinarudi, kinakutana na kinachokuja nyuma yake na kupunguzana nguvu, hata moshi ukifika mwishoni umeshatulia. Ekzosi za aina nyingine zina bomba dogo la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, na ile pamba ndiyo inayomeza sauti. Ukiking'oa cha ndani, kishindo kinatoka kama kilivyo. Ni koti lililotolewa bitana, limebaki gamba.

Mara ya kwanza tulitaka rahisi. Fundi akachomeka kibomba chembamba kilichozungushiwa stilwaya, ile ya kusugulia sufuria. Sauti ikapungua kweli, lakini pikipiki ikawa kama mtu mwenye pumu. Kijana akirudi na maboksi mawili ya nguo anatwambia haivuti, na injini inapata moto kupita kawaida. Tundu lilikuwa dogo mno, moshi haupati njia. Haikuchukua muda stilwaya nayo ikaungua ikatoka vipande vipande, na kelele zikarudi. Tukawa tumelipa kwa kitu cha kubabaisha, sawa na mteja anayetaka nguo ibanwe kiunoni kisha ashindwe kukaa.

Mara ya pili fundi alipima. Akachukua bomba lenye upana unaoendana na njia ya moshi ya pikipiki yetu, akalitoboa matundu madogo madogo pande zote, akalizungushia pamba ya kioo inayostahimili moto, akalitia ndani na kulifunga kwa bolti moja mkiani ili liweze kutolewa pamba ikichakaa. Gharama yote haikufika bei ya lesi ya shela moja. Shela moja!

Sasa vijana wana hoja zao, na tumezisikia. Wanasema ikitobolewa inapata nguvu. Pikipiki hizi ndogo za kazi zimepangwa kiwandani pamoja na ekzosi yake, hewa na mafuta vikaenda sambamba nayo. Ukitoboa tu bila kurekebisha kingine, unachozidisha zaidi ni kelele. Wanasema pia kelele zinawafanya watu wapishe njia. Labda barabara kuu. Vichochoro vyetu vya Mji Mkongwe vina kuta za mawe pande mbili, sauti inadunda huku na huku, na mara ngapi tumejibanza ukuta wa kulia kumbe pikipiki inatokea kulia? Honi ipo, na mwendo wa taratibu upo.

Na wao ndio wa kwanza kuumia. Wataalamu wa masikio wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi desibeli 3 muda wa salama unakatika nusu. Zikifika 100 umebaki na robo saa. Kijana wa bodaboda yuko juu ya ile ekzosi kutwa.

Lakini hatukuandika haya ili tuwaseme vijana. Harusini wanapiga resi kwa sababu sisi tunawakodi, tunawashangilia na tunawarusha mitandaoni. Kelele ile ni oda yetu, kama keki. Kuna waliotuambia ndoa inatakiwa kutangazwa. Ni kweli, na dufu lipo kwa kazi hiyo, tena linapendeza. Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti yake, na katika aya hiyo hiyo sauti iliyotajwa kwa ubaya ni ya punda. Sisi tumemkodi punda mwenye matairi akalie chini ya dirisha la mfiwa.

Kwa hiyo anayetuletea kazi ya harusi sasa tunamuuliza na pikipiki. Kabla hujatoa arubuni, simama nyuma yake ikiwa inanguruma palepale iliposimama, uzungumze na mwenzio kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kupaza sauti, imetobolewa. Na ukimwambia kijana arekebishe, mchangie. Wengi wanaendesha pikipiki za watu, jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ni cha unga. Punguza kidogo kwenye mapambo ya meza kuu, hakuna atakayegundua.

Katika zile pikipiki sita, tatu zimeshatiwa bitana, mbili wanasubiri zamu kwa fundi. Wa sita amekataa katakata, anasema ikinyamaza ataonekana anaendesha vespa ya mwalimu wa skuli. Tumemwambia harusi zetu atazisikia kwa wengine.

Bibi alipomaliza eda alipita dukani kutusalimia, akauliza mbona pikipiki yetu tumeiuza, siku nyingi haisikii. Tulipomuonyesha imeegeshwa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana peke yake ndiye analalamika. Anasema siku hizi inabidi apige honi kila kona.