Reli ya Mjini na Saa za Familia

Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu wakazi wapatao milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta karibu milioni 5.4. Ongezeko hilo halikukaa Kariakoo wala Upanga. Lilikwenda Chanika, Mbagala, Kibamba na Pugu, ambako kiwanja kilipatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Kazi, kwa sehemu kubwa, zimebaki katikati ya mji, bandarini na viwandani. Kila alfajiri umati huelekea upande mmoja, na jioni hurudi kwa njia ileile.

Sisi wachungaji huyaona matokeo yake mahali ambapo mhandisi hafiki. Baba anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku huwakuta watoto wamelala, na huwaacha wamelala. Mazoezi ya kwaya huanza na watu wanne. Binti wa shule anayelipa nauli ya mwanafunzi husukumwa na konda mlangoni kwa sababu nafasi yake ingeweza kuuzwa kwa nauli kamili. Tunapohubiri juu ya malezi bila kuzitaja saa hizi zinazopotea barabarani, tunawatwika wazazi mzigo ambao si wao wote walioufunga.

Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka Laudato Si’ wa mwaka 2015. Alionesha jinsi magari mengi yenye mtu mmoja au wawili yanavyoziba barabara na kuchafua hewa, akatambua umuhimu wa kuupa usafiri wa umma kipaumbele, lakini hakuficha kwamba usafiri huo katika miji mingi huwadhalilisha abiria kwa msongamano na kukosa uhakika.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalileta nafuu ya kweli. Hata hivyo basi lina mpaka wake. Lile refu hubeba abiria wapatao 150. Treni ya umeme yenye mabehewa manane huweza kubeba zaidi ya elfu moja kwa dereva mmoja, katika njia isiyo pana kuliko barabara. Mji wa mamilioni hauwezi kuendelea kujibu kila msongamano kwa kuongeza njia za magari, maana ardhi haiongezeki.

Wapo watakaosema reli ni ghali. Ni kweli, lakini Dar es Salaam haianzii sifuri. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani na ile ya TAZARA, iliyokamilika miaka ya 1970, zote zinapita katikati ya makazi ya watu, na ardhi yake tayari ipo. Mwaka 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za abiria wa mjini zilianza kupita juu ya reli hizo, na wananchi wakazipa jina lake. Zilijaa mara moja. Udhaifu wake ulikuwa wazi pia: safari chache za asubuhi na jioni, njia moja ya kwenda na kurudi, injini za dizeli, tena reli mbili zenye upana tofauti (milimita 1,000 na 1,067), hata treni ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine. Sasa treni ya umeme ya SGR inabeba abiria wa Morogoro na Dodoma tangu 2024. Kwa maoni yetu, huu ndio wakati wa kuipa njia ya zamani, kati ya Stesheni na Pugu, kazi ya kuuhudumia mji.

Addis Ababa ilitutangulia mwaka 2015, lakini baadaye treni zake nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo bajeti ya matengenezo na nauli ya mfanya usafi vijadiliwe kabla ya kukata utepe. Vivyo hivyo fidia: popote njia itakapopanuliwa, mjane mwenye chumba kimoja na genge la nyanya alipwe kabla alama nyekundu ya X haijachorwa ukutani mwake. Madiwani na wabunge wengi wanasali pamoja nasi kila Dominika, waulizwe.