Sinema ya Bure

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, anaishi Vwawa na kila siku ana hasira. Anawakasirikia vijana wa Tunduma wanaoshinda na simu mikononi, wanaobashiri mechi kwa fedha ya unga, wanaokopa mikopo ya kausha damu ili wanunue viatu. Dawa yake ni moja tu: serikali irudishe magari ya sinema yaliyokuwa yakizunguka vijijini, ili vijana wafundishwe uraia mwema na kiasi katika matumizi, kama tulivyofundishwa sisi. Nimemsikiliza kwa heshima mara nyingi. Leo naomba nimpinge hadharani, maana nilikuwa miongoni mwa waliofundishwa, na baadaye miongoni mwa waliofundisha.

Mwaka 1958 nilikuwa na miaka tisa gari lile lilipofika kijijini kwetu Mbozi. Shuka jeupe lilitundikwa kati ya miti miwili, jenereta likanguruma, na bwana mmoja akashika kipaza sauti kutufasiria kwa Kinyiha. Tuliona choo kinavyochimbwa, mikono inavyonawishwa, na mtu mvivu anavyoumbuka. Zikapita pia picha za sabuni, tukaambiwa mtu mstaarabu ni yule anayeitumia. Basi, ndugu msomaji, mwaka ule ule Tanganyika ilikuwa ikiingia katika uchaguzi wake wa kwanza, wa 1958 na 1959, ambao mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au kazi fulani. Na kila mmoja alilazimika kuwapigia kura watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kuna somo la uraia kubwa kuliko hilo? Gari lile halikutamka neno. Baba yangu alirudi nyumbani akijua kuchimba choo, lakini hakujua kwa nini hana kura.

Wala haikuwa bahati mbaya. Idara ya filamu za makoloni ilianzishwa London mwaka 1939, na kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo apewe picha za taratibu na nyepesi. Mwaka 1940 idara hiyo ilitengeneza filamu iitwayo Mr. English at Home, inayoonyesha siku moja ya seremala wa Kiingereza, mkewe na watoto wao, ili sisi tuone jinsi watu wanavyopaswa kuishi. Nimepata kuitazama uzeeni. Nyumba ni safi, meza imeandaliwa, watoto wana adabu. Mshahara wa seremala yule hatuambiwi, wala chama chake cha wafanyakazi hakitajwi. Tulionyeshwa vyombo vyake, tukafichwa haki zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zilizopigwa hapa hapa nchini na kampuni ya Afrika Kusini. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, ya mtu wa shamba anayeingia mjini. Miongoni mwa waigizaji wake wakuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Kawawa. Mwaka 1955 kijana huyo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Rafiki yangu hupenda kumtaja kama ushahidi wa ubora wa sinema zile. La hasha! Uraia Kawawa aliupata kwa wafanyakazi wenzake waliokuwa wakidai ujira, si kwenye shuka jeupe.

Je, tulipojitawala tulibadili nini? Tulibadili waigizaji. Katika miaka ya 1970 Kampuni ya Filamu Tanzania ilitoa Fimbo ya Mnyonge, ambamo Yombayomba anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, anahangaika, kisha anarudi kujenga maisha katika kijiji cha ujamaa. Siidharau nia yake. Mimi mwenyewe niliamini Azimio la Arusha na sijaona aibu kwa hilo. Lakini lilikuwa somo lile lile la mtu wa shamba kukatazwa mji.

Hapa napaswa kusema la kwangu. Nilikuwa mkufunzi kijana chuoni, na filamu hiyo tuliwaonyesha wanachuo. Ilipokwisha, mmoja alisimama akauliza kwa utulivu, "Mwalimu, waliotengeneza filamu hii wanaishi kijiji gani?" Ukumbi ulicheka. Nikampeleka kufyeka majani siku tatu, na katika taarifa yake ya tabia nikaandika neno moja, mkaidi. Miaka kadhaa baadaye nilikaa nyuma ya darasa lake, naye ni mwalimu kamili. Watoto wake waliitikia "Ndiyo, Mwalimu!" kwa sauti moja, na kwa dakika 40 hakuna mkono hata mmoja ulioinuka kuuliza. Alikuwa amejifunza vizuri sana kwangu.

Sasa Tunduma, mji wa mpakani uliojengwa na watu waliokataa ushauri wa filamu zote hizo, unatazama sinema mchana na usiku. Kila kijana ana shuka jeupe lake mfukoni. Kule anaonyeshwa mama mwenye tabasamu na noti mkononi, riba haonyeshwi. Anaonyeshwa aliyeshinda kamari. Walioliwa hawana picha. Rafiki yangu anaona hii ni dunia mpya iliyopotoka. Mimi naona gari lile lile la Mbozi, isipokuwa choo kimeondolewa na sabuni imebaki. Kijana anayekopa leo bila kuuliza riba ni mjukuu wa wale tuliowafundisha kutouliza, na kumletea gari jingine la kumsemesha ni kumwongezea ugonjwa.

Nimemwambia rafiki yangu kwamba gari likirudi Vwawa nitakwenda na kiti changu nikae mbele. Lakini picha ikiisha taa ziwashwe, kipaza sauti kishushwe kwa watazamaji, na bwana wa gari asiondoke mpaka ajibu. Swali la kwanza ninalo tayari, nimelitunza karibu miaka 50, na si langu.