SEHEMU YA 4: Vuta N'kuvute, na Visingizio Vyenu

Wamama wenzangu, juzi niliandika kwamba nasoma riwaya ya mapenzi, meseji zikaja nyingi kuliko siku niliyoandika kuhusu manjano kwa vichanga. Wengi mmecheka. Mmoja kasema, "Nesi, rudi kwenye uji wa mtoto, riwaya waachie walimu." Leo nawajibu, na nitakuwa mkali kidogo. Mnivumilie, nimetoka zamu ya usiku.

Kitabu ni Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, cha mwaka 1999. Mimi mwenyewe nilikikwepa miaka. Mdogo wangu alikileta nyumbani alipomaliza kidato cha sita, jalada limechanika, pembeni kaandika kwa penseli "dhamira", "ujumbe", "tabia za mhusika". Nikasema hiki ni cha mtihani. Nadhani hapo ndipo wengi tulipoharibiwa: tulifundishwa kuhesabu dhamira kwenye hadithi ya mapenzi, mapenzi yenyewe tukayaruka.

Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja, enzi za Mwingereza. Anaozwa kwa Raza, mwanaume wa kumzaa. Hampendi, anamkimbia. Kwao wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke asiye na kitu, ambaye watu wa heshima wasingetaka aonekane na binti yao. Halafu anatokea Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayewindwa na polisi wa mkoloni kwa siasa zake. Mapenzi yanaanzia hapo, na yanaishia wapi sisemi. (Denge ananiudhi, niseme ukweli. Mtu unampenda, yeye kila siku hajulikani alipo.)

Mnasema ni mambo ya zamani. Ya zamani yapi? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile. Mpaka 2019 tulikuwa bado tunabishana kuhusu kina Yasmin.

Mnasema Kiswahili chake kigumu. Ni cha Unguja, kitakukwaza kurasa za mwanzo, baadaye utamsikia Mwajuma kama jirani yako. Filamu nayo ipo, ya Amil Shivji, ya 2021, nzuri. Lakini saa moja na nusu haitoshi kwa kisa hiki.

Mnasema hamna muda. Hapo ndipo nakataa kabisa. Muda wa stori za WhatsApp mnao: sehemu ya 1 mpaka ya 10 bure, ya 11 tuma elfu moja. Bosi tajiri anampiga binti kofi sehemu ya 3, sehemu ya 20 anamuoa, na sisi tunalia kwa furaha. Na simu hiyo hiyo binti yako anaisoma ukiwa umelala.

Hapa Mtera tunawajua wanaokuja na magari ya barafu kununua perege. Wengi ni watu wema. Ila binti anapokuja kliniki na mimba, na namba ya mwanaume haipatikani tena, namuuliza kama aliwahi kuongea na mama yake habari za mapenzi. Mama amekaa hapo hapo anaangalia sakafu. Wote kimya. Sitaji mtu, kwa sababu ni wengi.

Sisemi riwaya inazuia mimba, ningekuwa muongo. Nasema hivi: nina binti wa miaka 14. Siyo kurasa zote namsomea, zingine ni za wakubwa. Lakini pale Yasmin anapokataliwa kwao nilimsomea kwa sauti, umeme ulikuwa umekatika, tunatumia tochi ya simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, ningekuwa mimi ungenifungulia?"

Nilimwambia ndiyo. Halafu tuliongea mpaka saa sita usiku, mambo ambayo miaka yote nimewaeleza mabinti za watu, wangu sikuwahi kumwambia.

Kitabu changu kinaazimwa. Nikitoka zamu nifuateni nyumbani, kikae kwako mwezi mmoja, kirudi na kurasa zake zote. Sehemu ya 5 ni chanjo ya surua.