Gari Kuukuu Lisisingiziwe

Wanachama wenzangu, hapa kwetu Taru, kando ya barabara ya Mombasa–Nairobi, kila gari kuukuu huitwa mlevi wa petroli. Mimi sikubali. Nani amelipima? Jaza tangi pomoni, andika kilomita. Ukijaza pomoni tena, gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia. Kilomita 240 kwa lita 24 ni 10 kwa kila lita. Zikishuka hadi 8, usilaumu uzee tu: angalia upepo wa tairi, chujio la hewa lililojaa vumbi letu, breki zinazokamata na mizigo isiyoshushwa. Bei hutangazwa na EPRA kila tarehe 14, hatuna la kufanya. Lakini daftari ni letu, na petroli inayopotea ni karo yetu. Haba na haba hujaza kibaba!