Kabla ya ripita, nionyesheni bajeti ya betri

Najua nimepotea, testi zimenikaba koo. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikera tangu kikao cha Jumamosi cha sisi watoto wa mwisho wa reli, na nikikaa nalo kimya litaniletea vidonda vya tumbo.

Kwa ambao hamkuwepo: wazo lililopita ni kwamba wanafunzi tunaotoka Kibondo, Kakonko na Kasulu tukatwe kidogo kwenye bumu, tutafute mfadhili wa kujazia, tununue ripita ya redio za ridhaa na kuipandisha kwenye kilima kimoja kule Nyabibuye. Makofi mengi. Mimi nikaonekana mchawi kwa kuuliza swali moja tu: betri ya pili atanunua nani? Nikajibiwa "tutajua mbele ya safari." Hapo ndo napingana na nyie, na napingana hadharani.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Redio ya mkononi ya wati 5 haivuki mlima. Mawimbi yake yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, na nyie mnaijua nchi ya Buha, ukitoka bonde moja unaingia jingine. Ripita inakaa juu, inasikia sauti yako kwenye masafa moja na papo hapo inairusha upya kwa nguvu kwenye masafa nyingine. Mtu aliye bonde la pili anakusikia kama uko jirani. Ndo kazi yake yote. Sina ugomvi nayo, naitaka kuliko baadhi yenu.

Kuna aliyesema "simu zipo, redio za nini?" Ndugu yangu, mkoa wetu umefikiwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 tu, kabla ya hapo ni majenereta ya dizeli. Mnara wa simu nao unakula umeme, na ukizima usiku, kijiji hakina wa kumgongea mlango. Halafu simu ni ya mtu mmoja kwa mmoja. Redio ukibonyeza, wote walio hewani wanasikia, na mwenye pikipiki aliye karibu anajibu. Ukiwa na mama mwenye uchungu na barabara imekatwa na mvua, hiyo tofauti si ndogo.

Na hatubahatishi. Wilaya ya Iganga, Uganda, mwaka 1996 ulianza mradi ulioitwa RESCUER, chini ya UNFPA. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi, vituo vya afya vikawekewa redio za umeme wa jua, na magari ya wagonjwa yakawa na zao. Taarifa za mradi zilisema vifo vya akina mama vilipungua karibu nusu ndani ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo kwamba redio inaokoa watu, hilo tumalizane nalo.

Ugomvi wangu ni kuifanya iendelee kuongea. Tupige hesabu, maana kikao kizima hakuna aliyepiga. Chukua ripita ya wati 25 kwenye volti 12. Ikisubiri inakula kama nusu ampea, ikirusha kama ampea 6. Ikirusha saa 3 kwa siku na kusubiri saa 21, ni ampea-saa 28 na ushee. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, yaani una 50 za kutumia. Hazitoshi siku mbili bila jua. Na kwetu mvua zinaanza karibu na Novemba hadi Aprili, mawingu wiki nzima ni kawaida. Kwa hiyo unahitaji betri mbili na paneli mbili, na hata ukizitunza vizuri, baada ya miaka mitatu minne au mitano hivi betri zinakwisha. Ongeza mlinzi, maana paneli kilimani bila mlinzi ni zawadi kwa mwizi. Ongeza radi. Ongeza leseni ya TCRA. Ripita unanunua mara moja, haya mengine yanakuja kila mwaka, na sisi tutakuwa tumeshamaliza chuo, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma anatafuta ajira.

Tumeshaona sinema hii. Wakimbizi walipojaa kwetu miaka ya 1990, mashirika yalikuja na simu za upepo, kila gari lina antena ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki. Kambi ya Mtendeli, hapo hapo Kakonko, ilipokea Warundi waliokimbia baada ya vurugu za 2015, ikafungwa mwaka 2021. Shirika likiondoka linaondoka na mafundi wake na bajeti yake. Siwalaumu, mitambo ilikuwa ya kazi yao. Ila mwenyeji akibaki anashangaa mlingoti, hilo ni la kwetu.

Sasa nani abaki na mzigo? Nasema halmashauri, na nasema bila haya. Katiba ibara ya 145 na 146 inaziweka serikali za mitaa kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka bila betri ni hotuba. Nyabibuye ni kata, ina diwani, ina Kamati ya Maendeleo ya Kata, vijiji vina mikutano mikuu. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mipango inapikwa miezi mingi kabla. Tuombe vitu vitatu vilivyoandikwa: kiwanja cha mlingoti kwa muhtasari wa kijiji, posho ya mlinzi, na kiasi cha kila mwaka cha kuweka akiba ya betri. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili wa Ulaya.

Najua mtaniambia "halmashauri itaiteka, itakuwa redio ya mtendaji." Hofu ya kweli hiyo. Ila masafa ya ridhaa hayaruhusiwi kwa biashara wala shughuli za kawaida za ofisi, na anayeongea awe na leseni. Zahanati ikitaka ya kwake, iombe masafa yake, iweke chombo chake kwenye mlingoti ule ule. Watachangia paneli, mlinzi na kiwanja, kila mmoja na redio yake. Funguo zikae kwa kamati ya watumiaji na daftari lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema.

Na msiniambie Kigoma hatuwezi. Hospitali ya mkoa pale mjini, kati ya 1984 na 1991, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walitumia hatua nyingi ndogo za gharama nafuu na rasilimali za pale pale. Matengenezo, ufuatiliaji, watu kuwajibika. Yale mambo ya kuchosha ambayo Jumamosi hakuna aliyetaka kuyasikia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ripita isiyokuwepo haimdanganyi mtu. Ripita iliyokuwepo ikafa inamdanganya mkunga aliyeizoea, maana usiku ule alimwambia mgonjwa wake "subiri, naita." Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena. Muda aliopoteza hapo angekuwa ameshatafuta machela.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Hela ya bumu yangu ipo, nimeitenga. Naitoa siku tutakapokuwa na muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata wenye neno "betri" ndani yake. Barua kwa diwani niko tayari kuandika wiki hii, nahitaji watu wawili wa kusaini nami na mmoja anayekwenda nyumbani likizo aipeleke kwa mkono. Walioniita mchawi, mnakaribishwa kwanza.

Haya, narudi kwenye asaimenti. Tupo pamoja.